Mwenye mwavuli kati ya ng'ombe

Katika ofisi moja ya Mushaki wiki hii, wa kwanza kwenye foleni alikuwa mama aliyetaka muhuri kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto aliyembeba mgongoni. Aliyeitwa kwanza alikuwa mtafiti mwenye kompyuta, anayechunguza jinsi watu wanavyoona, akiomba kibali cha kupita.

"Hiyo mashini inafanya nini?" chef, mkuu wa ofisi, aliuliza.

"Nakuonyesha, Papa chef. Hesabu ngombe ya mweupe tu," mtafiti alisema, akiwasha filamu ya kundi la ng'ombe.

Chef, ambaye kila siku ya soko huhesabu mifugo ya watu, alifumba jicho moja, akahesabu kwa kidevu mpaka filamu ikaisha. Alipata jibu sahihi, akatugeukia sisi wa foleni kama aliyeshinda uchaguzi.

"Muzuri sana. Na ule muntu wa mwavuli?"

"Mwavuli gani? Hakuna muntu mule!"

Filamu ikarudiwa. Mtu mwenye mwavuli mwekundu alipita katikati ya ng'ombe, akasimama, hata akapunga mkono. Chef alivua miwani, akaifuta kwa tai.

"Macho yako iko muzima," mtafiti alimfariji. "Akili ikishikwa na kazi moja, kitu ingine inapita mbele yake bila kuonekana."

Yule mama akasogea mezani, akakohoa. Chef akashtuka.

"Mama! Na wewe ulikuwa mu filme?"

"Hapana, Papa chef. Miye niko mu bureau, tangu asubui."

Muhuri uligongwa papo hapo, cheti kikitangulia kibali.

Kibali hicho kinamfikisha mtafiti hadi Walikale. Namwomba asiruke ofisi hata moja njiani.