Tulivyozidi kukaza kizibo cha boti ya Yaya, ndivyo maji yalivyozidi kuingia

Wakuu, salamu kutoka Bunia. Ninawaandikia nilichokiona kwa macho yangu, na kuna sehemu ambayo mpaka leo sijaielewa.

Dada yangu mkubwa, Yaya Neema, ana boti ndogo ya mbao kule Kasenyi, kando ya ziwa. Ni ya zamani. Ndiyo anayoendea kununua samaki kwa wavuvi wakiwa bado ziwani.

Ikawa kila asubuhi anaikuta imejaa maji. Mume wake akachoka: "Ikijaa tena, tunaikata, tunapikia mbao yake."

Yaya akanipigia simu. Mimi ni fundi wa mabomba, naishi mtaa wa Rwambuzi, hapa hapa Bunia. Nikashuka Kasenyi.

Kwa wasiojua: nyuma ya boti, chini, kuna tundu. Boti ikishavutwa mchangani unafungua kizibo, maji yanatoka. Tundu lina pete ya shaba iliyoshikwa na mbao, na kizibo kinakazwa ndani ya pete kama skrubu.

Kizibo kilikuwa kimelika. Nikaweka kipya na kipande cha mpira, nikakaza kwa koleo ya shemeji.

Asubuhi, maji.

Shemeji akakaza zaidi. Maji yakaongezeka! Nikabadilisha mpira, tukakaza tena, yakaongezeka tena. Wakuu, nilichanganyikiwa. Kwenye bomba, ukikaza maji yanakoma.

Nikamwomba Yaya unga wa muhogo.

"Weye, unataka kusonga fufu mu boti?" Akacheka, lakini akaleta kikombe.

Nikapangusa mbao zikauka, nikanyunyiza unga kuzunguka tundu, tukasukuma boti kwenye maji machache. Unga ulio juu ya kizibo ukabaki mweupe. Ulioanza kulowa ni ule wa nje ya pete, pale shaba inapokutana na mbao.

Nikazidi kuchanganyikiwa. Shemeji akashika koleo akaze tena.

"Ngoja kwanza!" Yaya akamkamata mkono. "Angalia, pete nayo iko nazunguka!"

Kumbe mbao imeoza, pete inazunguka pamoja na kizibo. Kila tulipokaza, tulikuwa tunasaga tundu.

Tukang'oa pete, tukachonga mbao yote iliyolainika, tukaacha pakauke kabisa. Tukapachika kipande cha mbao ngumu kwa gundi isiyopitisha maji, tukatoboa tundu jipya, tukafunga pete kwa skrubu za shaba. Kizibo sasa kinakazwa kwa vidole tu. Usiiogope kazi hii ndugu yangu, ukienda polepole utaiweza.

Yaya amerudi ziwani. Ila asubuhi bado anakuta maji kama kikombe, na sijui yanapita wapi. Watu wa bandarini wanasema boti ya mbao lazima inywe kidogo. Ni kweli?

Nilichojifunza: kabla hujakaza, angalia kwanza ni nini kinachozunguka.

Koleo nimepanda nayo Bunia. Shemeji anapiga simu kila mara, anaitafuta. Wakuu, niirudishe ama niinyamazie?