Mkanda Mweupe

Mfagizi wa shule ya karate hakuwahi kuuinamia mkeka. Wanafunzi wote husimama ukingoni wakainama ndipo wakakanyaga; yeye hupita na ndoo yake.

"Niusujudie mkeka ninaoupangusa jasho la miguu yenu? Mwalimu, hebu niache."

Ndiye aliyemwokota mtoto wa mbwa nyuma ya choo cha shule, akamlea kwa chupa ya kunyonyea aliyoiacha mwanawe. Mweusi tii, mstari mweupe umemzunguka tumboni kama mkanda wa wanaoanza. Wakamwita Mkanda Mweupe. Kazi hana. Alitafuna sare, alilala katikati ya watu, na wanafunzi wakifumba macho kutuliza roho, yeye huachia ushuzi. Roho zikatulia kwa kukosa hewa.

Ila alikuwa ametazama. Kila akifika ukingoni, alinyoosha miguu ya mbele, matako juu, ndipo akaingia.

"Umeona, dada? Mbwa amekuzidi adabu," mwalimu akasema.

"Anajinyoosha tu huyo."

Wiki ya mtihani wa mikanda mwalimu hakutania. "Mkaguzi akiona mbwa humu, ananinyima cheti cha shule. Jumamosi sitaki kumwona. Na Jumapili asirudi."

Mfagizi akaitikia, kisha akaenda kumnywesha mbwa maziwa.

Jumamosi akamfukia kwenye kapu la sare chafu. Mkaguzi akaja, tumbo limemtangulia, simu sikioni, akapanda mkekani na viatu vyake. Wanafunzi wakatazama dari. Nani amwambie mwenye mkanda mweusi?

Kapu likaanguka. Mkanda Mweupe akatoka mbio, akasimama ukingoni, akainama matako juu, kisha akaketi mbele ya vile viatu na kubweka bila kupumzika.

Mwalimu alifumba macho. Mkaguzi akamtazama mbwa, akatazama viatu, akawatazama watoto waliouma midomo. Akakata simu. Akarudi ukingoni, akavua, akainama mpaka tumbo likakataa. Mbwa akanyamaza.

"Nani kamfundisha huyu?"

Mwalimu akamwonyesha mfagizi kwa kidevu.

"Mimi nafagia tu, baba."

"Basi abaki," mkaguzi akasema. "Leo humu aliyefanya kazi yake ni yeye peke yake."

Cheti kikatoka. Mkaguzi naye akatoka, kiatu kimoja kimelowa mkojo. Nadhani aliligundua hilo mbele ya safari.

Mkanda Mweupe aliishi miezi saba zaidi. Homa ya watoto wa mbwa ilimchukua kwa siku nne, kichwa mapajani mwa mfagizi. Walimzika nyuma ya ukuta, amefungwa mkanda mweupe wa mwanafunzi aliyekuwa amepanda daraja.

Siku hizi mfagizi akifika ukingoni hutua ndoo, hushika kiuno, huinama kidogo. Mwalimu akimtazama, humwambia ni mgongo.