Fizi, Kichwa na Maji Aliyonisomea

Mswaki wangu ulitoka Makka. Rafiki yangu aliniletea aliporudi kuhiji, akautoa mfukoni mwa kanzu mbele ya watu msikitini, nami nikaupokea kwa mikono miwili. Kila anayetumia mswaki wa mti anajua kwamba ncha ikichakaa unaikata na kutafuna mpya. Mimi sikukata. Niliona nikikitupa kipande nimetupa kitu cha ardhi ile. Basi nikaendelea na ncha ileile, imekauka, imekuwa ngumu kama ufagio wa uani, kabla ya kila swala, meno ya mbele tu, kwa bidii. Ulipoanza kutoka na damu niliuosha, nikasukutua, nikamaliza udhu wangu.

Mke wangu ndiye aliyesema kwanza.

"Muzee, hiyo kijiti yako inanuka."

"Ni ya Makka."

"Na mudomo ni ya Bujumbura. Enda onyesha daktari."

Nilicheka, sikwenda. Shida yangu niliijua kuwa ni kichwa. Kilikuwa kinanishika upande wa kushoto, nyuma ya jicho, kile ambacho wengine wanakiita kipandauso na madaktari wa kwetu wanakiita migrene. Kikianza, mwanga wa mlangoni uliniumiza kama moshi, harufu ya samaki wa jirani ilinitapisha, na sauti ya mtu kuweka sufuria chini niliisikia mpaka kwenye mfupa. Nilifunga madirisha, nikajifunika leso ya mke wangu usoni, nikangoja kipite.

Nisingelalamika sana kama kisingegusa darasa. Kwa muda mrefu nilikuwa nafundisha wazee wenzangu msikitini baada ya alasiri. Kwetu darasa kama lile lina watu wawili mbele. Mmoja anasoma mstari wa kitabu kwa Kiarabu, mwingine anaufasiri kwa Kiswahili. Msomaji alikuwa rafiki yangu yule. Mfasiri nilikuwa mimi. Alisoma, akanyamaza, akaningoja. Kiti chenyewe ni mkeka tu, lakini Mungu alikuwa amenipa mkeka ule na nilimshukuru kwa huo kuliko kwa nyumba yangu.

Kichwa kilipoanza kunikamata katikati ya mstari, rafiki yangu alikuja nyumbani. Aliketi kando ya kitanda, akanisomea aya kwenye chupa ya maji, akaipulizia na kunipa ninywe.

"Sheikh, hii si ya hospitali," aliniambia. "Hii ni jicho la watu. Wanakuona pale mbele, wanakutamani. Pumzika kidogo. Darasa mi nitalishika."

"Na daktari?"

"Daktari atapima nini? Hasadi?"

Nilimwamini. Qur'ani ni ponyo, silitilii shaka hilo hata leo. Nilikunywa maji yake, nikakaa nyumbani, naye akahamia upande wa mkeka wangu. Kila juma alinitumia chupa nyingine.

Kilichonitoa nyumbani hatimaye ni jino. Moja la juu, la mbele, lilianza kucheza. Nilikuwa nasoma Fatiha, na dhali, herufi ambayo ncha ya ulimi inagusa ncha za meno, ikawa inatoka na upepo. Mtu aliyefundishwa kusoma tangu utoto hawezi kulivumilia jambo hilo. Kichwa nilikivumilia, damu niliivumilia, lakini Fatiha yangu ilipoharibika nilimwambia mke wangu, "Nipeleke." Hakunicheka. Alikwishapata jina la daktari wa meno mmoja huko mtaa wa Kinindo, mwanamke, mwenye chumba chake nyumbani kwake.

Tuliketi barazani tukingoja. Mlango wa chumba ulifunguka, akatoka mzee mwenye kanzu, ameshika shavu, pamba mdomoni. Alikuwa rafiki yangu.

Daktari alikuwa nyuma yake, akivua glavu, na kwa ukarimu wake alimsindikiza na maneno, hakujua kwamba tunajuana.

"Papa, unaona sasa? Tangu tulianza kusafisha hizi fizi mwaka jana, hujanililia tena ile kichwa yako ya upande. Uje tena kwa kontroli, nikuangalie, usichelewe."

Rafiki yangu aliniona. Mke wangu alitazama viatu vyake. Rafiki yangu alipita mbele yetu, akatoka.

Mwaka jana. Nilihesabu kimoyomoyo chupa alizonitumia tangu wakati huo, nikashindwa.

Nililala kwenye kiti cha daktari, taa usoni, mdomo wazi. Daktari alinionyesha kwenye kioo kidogo: fizi nyekundu, zimevimba, zimeachana na meno, na nyuma kabisa, ambako mswaki wangu wa Makka haukuwahi kufika, ukoga umekuwa jiwe.

"Papa, hapa mbele umekwangua. Huko nyuma hakuna mutu aliyewahi kutembea."

Nilimuuliza juu ya kichwa. Nilitaka aseme ndiyo, ili nijue kiasi cha nilichofanyiwa. Hakunipa.

"Wenye ugonjwa wa fizi, wengi wanaumwa hiyo kichwa. Tunaona hizo mbili zinatembea pamoja. Uvimbe wa mudomo haukai mudomoni tu, mwili wote unausikia. Lakini kama moja inaleta ingine, apana, sitakuapia. Fizi nakuahidi. Kichwa tutaona."

Tulipotoka rafiki yangu alikuwa anatungoja kwenye lango, pamba ameshaitupa. Mke wangu alitangulia kwa heshima, akatuacha wawili.

"Nilikuwa nitakuambia," alisema.

"Lini?"

Aligeukia barabara. "Watu wamezoea sauti yangu. We unajua? Miaka yote nimekaa kando yako. Nasoma, nanyamaza, nakungoja useme. Na yote uliyokuwa unasema mi nilikuwa nayajua."

"Ungeniomba mkeka ningekupa."

"Ungenipa siku moja. Kesho yake ungerudi."

Huenda alisema kweli. Nililifikiria njiani, na bado nalifikiria. Lakini alikaa kando ya kitanda changu, nimejifunika leso kama maiti, akanisomea maneno ya Mola wangu huku anajua mlango uliomponya yeye, na akaufunga. Kama angeninyang'anya mkeka kwa ugomvi, ningeshapoa.

Daktari alinisafisha fizi kwa randevu kadhaa, siku alizonipangia. Damu ilikoma. Jino lilikaza, Fatiha ikarudi. Kichwa hakikuondoka. Kinakuja mara chache, na kikija kinapita upesi kuliko zamani. Namshukuru Mungu kwa hicho alichopunguza, na kwa kilichobaki nasubiri. Mswaki bado natumia, lakini nakata ncha, na jioni natumia brashi ya dukani, mpaka nyuma.

Siku niliyorudi darasani wazee walisogea, wakatazamana. Rafiki yangu alikuwa upande wa mkeka wangu. Alianza kuinuka, polepole, kama mtu anayetaka azuiwe. Wazee wale hawakuwa na kosa, na duara lao sikutaka kulipasua. Niliketi upande wa msomaji, nikafungua kitabu, nikasoma mstari, nikanyamaza, nikamngoja.

Alifasiri, na alifasiri vizuri. Hilo nalo liliniuma.

Mpaka leo tunakaa hivyo. Watu wanasema wazee wale wanapendana, tazama walivyopokezana. Naswali kando yake, namwitikia salamu. Na kichwa kikinishika nisifike msikitini, jioni ananitumia chupa ya maji aliyoyasomea, kama zamani. Mke wangu anaipokea na kuiweka mezani. Mwanga ukishapungua natoka nayo uani, naimwaga kwenye shina la mpapai, mahali pasipokanyagwa na mguu, kwa heshima ya yaliyosomwa ndani yake. Kunywa siwezi.