Mahali pa Heshima

Mchana mama mkwe wa Mal-sun alipiga soga na majirani, usiku akakohoa mpaka Mal-sun akamnong'oneza mumewe, "Mafua gani haya ya kungoja giza?" Mama alilazwa upande wa jiko, ambako joto la jiko lipitalo chini ya sakafu hukolea: mahali pa heshima.

Mafua yalipomgeukia Mal-sun, mumewe akamlaza palepale. Usiku pua ikaziba, koo likawa kama limekwanguliwa. Moyo ukamsuta.

Mama mkwe akaingia, akatundika taulo lililolowa, akamwongezea mto.

"Ukilala chali makamasi yanashuka kooni, mwanangu. Na joto hili linakausha."

"Kumbe ulijua, mama. Mbona hukuhama?"

"Ningehama, majirani wangesema mkamwana wangu ananilaza penye baridi."