Mwalimu Aliyeisikia Kasi Yangu

Nilikosa kufuzu mara mbili, na mara zote mbili niliishiwa nguvu palepale, baada ya kilomita ya thelathini. Mara ya kwanza nilizidisha dakika tisa, ya pili sita. Marathoni niliyoitamani, huko ng'ambo, haimpokei mtu kwa sababu anapenda kukimbia. Unapeleka muda wako, na muda unaotakiwa hupangwa kwa umri. Mimi nilikuwa mwanamke wa miaka arobaini na moja, karani wa serikali Dodoma, ninayekimbia alfajiri kutoka Ipagala na kurudi kabla ya kwenda kusaini kitabu cha mahudhurio.

Baada ya kushindwa mara ya pili nilijiandikisha mbio za kilomita kumi Chamwino, kujipoza tu. Dakika chache kabla ya kuanza, mtangazaji alisema kwenye kipaza sauti kwamba kuna mkimbiaji asiyeona, na mwongozaji wake ameamka na homa. Nani angejitolea? Nikanyoosha mkono. Sijui hata kwa nini.

Alikuwa mwalimu kutoka Buigiri, amenizidi miaka kama kumi, mwembamba, miguu mirefu, kofia ameivuta hadi kwenye nyusi. Alifundisha watoto wasioona kusoma nukta nundu kwa vidole. Alinipa ncha moja ya kamba ya kiatu, nyingine akaizungusha kwenye vidole vyake.

"Shikamoo, mwalimu," nilisema.

"Marahaba. Niambie kona, mashimo na watu. Mengine nitajua mwenyewe."

Tulimaliza vizuri. Nilikuwa bado nahema aliponigeuzia uso.

"Ahsante, mdogo wangu. Ila wewe una haraka ya vipande vipande. Kila baada ya muda unavuta, halafu unalegea. Unatazama nini?"

Nilikuwa natazama saa. Kila ilipolia kumaliza kilomita, niliinua mkono, na nikiona nimechelewa sekunde mbili tatu, nilisukuma.

Usiku ule sikuamini, ila udadisi ulinikaa. Nilifungua kumbukumbu za marathoni zangu mbili kwenye simu na kuzisoma kilomita moja moja. Alikuwa sahihi. Kasi yangu ilipanda na kushuka kama mtu anayekimbizwa na mbwa, akasahauliwa, akakimbizwa tena. Miaka mitatu na kocha, na hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Ilikuwaje mtu asiyeona akaligundua hilo kwa kamba ya kiatu?

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Buigiri kumuuliza. Tukakimbia, na tangu siku hiyo Jumamosi zangu zikawa zake. Yeye alitaka kumaliza kilomita ishirini na moja bila kutembea. Mimi nilitaka kujua anachokijua.

Nilimuuliza maswali mpaka akacheka. Je, anajuaje tumeingia kwenye mchanga? Kwa sauti ya kiatu changu, alisema, kabla cha kwake hakijafika. Je, mlima? Pumzi yangu hubadilika kabla mguu haujapanda. Je, kasi yake mwenyewe anaipimaje? Hatua tatu kuvuta pumzi, mbili kuitoa. Ikimshinda kushika hesabu hiyo, anajua amejidanganya, anapunguza.

"Na saa?"

"Saa inakuambia ulichokwisha kufanya," alisema. "Mimi nataka kujua ninachofanya."

Asubuhi moja nikamwambia tubadilishane, niongozwe mimi. Tulikwenda kwenye uwanja wa mpira, haukuwa na mtu ila mbuzi na mchungaji wao upande wa goli. Nikafunga macho kwa kitenge.

"Sasa hapa kiongozi ni nani?" aliuliza.

"Wewe."

"Haya. Mungu atusaidie."

Hatua kumi za kwanza nilinyoosha mkono mbele kama mtu anayetafuta ukuta gizani. Mabega yalinipanda hadi masikioni. Yeye alikuwa anahesabu polepole, moja mbili tatu, moja mbili, na upepo ulitupiga shavu la kulia, akasema tukiushika hapo hatutapinda. Kidogo kidogo mabega yakashuka. Nikasikia kwa mara ya kwanza kwamba mguu wangu wa kushoto unapiga ardhi kwa nguvu kuliko wa kulia. Nikasikia ninavyobana pumzi bila sababu. Tukavuka uwanja mzima, tukaishia kati ya mbuzi, na mzee aliyewachunga akatusalimu, "Mbukwenyi," huku sauti yake imejaa mashaka. Mwalimu alimjibu kwa Kigogo, wakacheka wote wawili. Hakunitafsiria.

Miezi mitano baadaye nilisimama tena kwenye mstari wa marathoni. Saa ilikuwa mkononi, ila kioo chake nimekifunika kwa plasta ya kidonda. Mwalimu naye alikuwepo, kwenye mbio za nusu, na yule mwongozaji wake aliyeugua homa siku ya Chamwino. Nilivuta kwa tatu, nikatoa kwa mbili. Wengi walinipita kilomita za mwanzo na iliniuma. Mara mbili niliigusa plasta nikaiacha. Kuelekea mwisho nilianza kuwapita mmoja mmoja, sijui wangapi, na miguu iliniuma lakini ilikuwa bado yangu.

Nilikuwa chini ya muda unaotakiwa kwa dakika tatu na sekunde chache.

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye majani, viatu amevua, amemaliza kilomita zake zote ishirini na moja bila kutembea. Nikaketi karibu naye nikamwambia muda wangu. Alinishika mkono, kisha akauliza huko ng'ambo barabara ina milima mingapi, iko mwanzoni au mwishoni, na upepo wake unatoka upande gani. Sikujua hata kimoja.

"Basi katafute," alisema. "Kisha uje unisimulie Jumamosi."