Nati ya Waya Mweusi

Mzee Stoo alikuwa na pikapu nzima, lakini kila Jumatano iliamka mbovu. Jina hilo alilipata kiwandani, alikotunza stoo miaka thelathini na moja bila kupoteza hata msumari. Watu wa namna hiyo, jamani, ukiwastaafisha usidhani wanapumzika. Wanabaki wakifunga na kufungua makabati matupu.

Binti yake, aliyekuwa akiishi mbali, ndiye aliyemtumia kifaa cha kuwashia gari kwa rimoti, ili baba asitetemeke kwa baridi asubuhi akingoja injini ipate moto. Kilifungwa na Fundi Miwani, fundi umeme mwenye banda mtaa wa nyuma. Mwezi mzima kilifanya kazi. Kisha Jumatano moja mzee akabonyeza rimoti, taa zikakonyeza mara mbili, injini kimya. Akaiwasha kwa ufunguo na kuipeleka bandani. Fundi alijilaza chini ya dashibodi, akakuta nati inayobana waya mweusi wa kile kifaa kwenye bodi la gari imelegea. Akaikaza kwa spana namba kumi.

Kazi ya dakika tano, lakini mzee alikaa saa tatu. Kulikuwa na kiti kilichong'olewa kwenye gari bovu, na chai, na fundi aliyemuuliza, "Wewe mzee, unaonaje mambo haya?" Tangu amzike mkewe hakuna aliyemuuliza anaonaje. Alirudi nyumbani akipiga mluzi.

Nyumbani palikuwa na kikombe kimoja kwenye sinki, na televisheni iliyojisemea peke yake. Jumapili binti alipiga simu, akaongea mbiombio, akamaliza na, "Haya baba, wasalimie hapo." Mzee akaitazama sebule. Hapakuwa na wa kumsalimia.

Jumanne iliyofuata akachukua spana yake namba kumi, akaingia chini ya dashibodi, akailegeza nati nusu duara.

Basi ikawa ndiyo desturi. Jumanne mzee analegeza, Jumatano fundi anakaza, na katikati yake chai na hadithi za kiwandani. Fundi wa watu akahangaika kwelikweli. Alibadili nati, akakwangua rangi ili waya ushike vizuri, akauhamisha waya mahali pengine. Mzee akitikisa kichwa kwa huruma, eti, "Hizi gari za siku hizi!" Mwongo mkubwa!

Jumatano ya tano akaingia mwenye gari dogo, taa zake zinazimika ovyo. Fundi hata hakuufungua mlango wa gari hilo.

"Peleka kwa mwingine, ndugu yangu," alisema. "Mimi mkono umeisha nguvu. Nati moja ya mzee huyu nimeikaza mara nne, inafunguka. Waya zako zikija kushika moto njiani, nitasema nini?"

Yule mtu akaondoka. Fundi akabaki anautazama mkono wake wa kulia, anaukunja na kuukunjua. Mzee akakiweka kikombe chini. Alijua akisema, kiti kile hatakikalia tena. Na asiposema, huyu bwana atafunga banda akiwa mzima wa afya.

"Fundi, mkono wako hauna kosa."

"Mzee, usinifariji."

"Sikufariji. Naifungua mimi." Akatoa spana mfukoni, akaiweka juu ya boneti.

Fundi aliitazama spana, akamtazama mzee, akavua miwani. "Kwa nini?"

Mzee Stoo, aliyewadai watu maelezo ya kila boliti maisha yake yote, akaanza kuipangusa spana kwa ncha ya shati. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Nimeshaanza kutafuta mtu wa kumuuzia banda," fundi alisema kwa hasira. Akaikaza nati, akamrushia ufunguo. "Ondoa gari lako."

Jumatano iliyofuata mzee alisimama dirishani, akabonyeza rimoti. Pikapu ikanguruma palepale. Akaizima. Akabonyeza tena, ikaitika tena. Loo, uzima ule ulimuuma kuliko ugonjwa! Akaiacha uani, akavaa viatu, akaenda bandani kwa miguu.

Miguu ya fundi ilikuwa inachungulia kwenye mlango wa lile gari dogo. Mwenye gari aliitwa tena, kumbe.

"Pikapu ina nini?" fundi akauliza bila kutoka chini ya dashibodi.

"Haina kitu. Nzima."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

Mzee alikuwa ametafuta sababu njia nzima, na hapo mlangoni akaitafuta tena. "Nimekuja kukaa," akasema. "Nyumbani sina mtu."

Fundi akaendelea kukaza. Mzee akageuka kuondoka.

"Si kiti hicho hapo?" sauti ikatoka chini ya dashibodi. "Lakini mikono mfukoni."

Mzee akakaa. Akatia mikono yote miwili mfukoni, na hakuitoa mpaka chai ilipokuja.