Grandmasta Alipolala kwa Mama

Mimi nina maradhi ya kuuliza. Kwa hiyo klabu moja ya sataranji hapa Maskati ilipotafuta wanawake wenye gari na Kiingereza cha kutosha wa kuwahudumia wachezaji wa kigeni, nilijitolea, ingawa katika mchezo huo nilichojua ni kwamba farasi huruka. Nikapewa Mrusi, mama wa makamo, mwembamba, mwenye cheo cha grandmasta, ambacho katika mchezo huo hakuna cha juu yake. Wanawake wenye cheo hicho duniani ni wachache, na mmoja wao alikuwa kwenye kiti cha mbele cha gari langu, anakula tende.

Nilimuuliza kila kitu. Alifundishwa na babu yake, jikoni, kabla hajajua kusoma. Usichana wake ulikwenda kwenye vikombe na medali, na ukubwa wake kwenye treni, mahoteli na kumbi za baridi. Binti yake alilelewa na bibi. Nikamuuliza kama anajuta. Akasema hilo aulizwe binti yake.

Siku ya mapumziko, kesho yake ikiwa ndiyo raundi ya mwisho, nilimkuta nje ya hoteli yake anaitazama meli ya watalii iliyotia nanga Bandari ya Sultan Qaboos. Katika mashindano yale alikuwa hajashinda hata mchezo mmoja, na wa mwisho angecheza na msichana wa miaka kumi na mitatu.

"Nisiposhinda kesho, naacha," aliniambia, kama mtu anayeagiza chai.

Nilitaka kujua utamshindaje mtoto ambaye hujawahi kumwona. Akanieleza kwamba siku hizi hakuna anayekaa mezani mikono mitupu. Alasiri ile, ambayo ndiyo nafasi pekee aliyokuwa nayo kocha wake, angekuwa anamngoja kwenye kompyuta, wapitie pamoja michezo yote ya yule mtoto, mpaka wajue ataanza vipi na ajibiwe nini. Bila hivyo, alisema, mtoto yule atamla akiwa hai.

Ilikuwa nimwache akafanye kazi yake. Lakini mama yangu, huko Mawaleh, alikwisha kusikia kwamba nina mgeni anayekula peke yake hotelini, na samaki aliyeletwa kutoka pwani ya Qurayyat alikuwa jikoni tayari. Nilimwambia mama tutakaa kidogo tu. Akasema hewala, kwa sauti ile ambayo maana yake si hewala kabisa.

Tulikula sebuleni, sinia moja. Mama alimtolea mgeni miiba ya samaki, akimrundikia minofu upande wake, huku akimsimulia kwa Kiswahili habari za goti lake. Mgeni akajibu kwa Kirusi, naye kwa urefu. Sijui waliambiana nini, na mpaka leo inanikera. Baada ya kahawa Mrusi akaegemea takia. Nilipotoka kunawa mikono, alikuwa amelala.

Nikamwendea nimwamshe. Mama akanidaka mkono.

"Usimguse. Mgeni haamshwi."

"Mama, ana kazi inamngoja."

"Nna macho mimi. Huyu kachoka. Ingekuwa wewe ugenini, ungependa utikiswe?"

Nina mvi kichwani na watu chini yangu wizarani, lakini kwa mama nilikaa chini. Akafunga mapazia. Wajukuu waliporudi na kelele zao aliwanyamazisha kwa kidole na kuwafukuzia uani. Tukasali alasiri kwa kunong'ona. Wakati wa kocha ukaja, ukapita, nami nimekaa pale nimefura kwa hasira. Mrusi aliamka jua linazama, akafunua pazia, akaelewa. Alimshukuru mama, nikamrudisha hotelini.

Kesho yake nilikaa ukumbini, roho juu. Yule mtoto alianza kwa namna ambayo mgeni wangu hakuitarajia, nililiona hilo shingoni mwake. Aliinama, akafikiri muda mrefu mno. Bwana aliyekuwa kando yangu alininong'oneza kwamba mgeni wangu anapata nafuu, kisha kwamba anashinda, kisha bwana akashika kichwa. Dakika zilikuwa zinamwishia mgeni wangu, akasogeza kete ya mnara isiyofaa. Akakubali kushindwa, akampa mtoto mkono, akakaa naye akimwonyesha jambo kwenye ubao, mpaka mtoto akacheka.

Garini nilimwomba radhi. Nilisema mimi na mama yangu tumemharibia kazi ya maisha yake, na machozi yalinitoka, siyafichi.

"Sikulala muda wote," alisema. "Watoto waliniamsha. Nikamwona mama yako anawanyamazisha kwa ajili yangu. Nilijua ni saa ngapi, na kocha yuko wapi." Akavuta mkanda, akaufunga. "Nikafumba macho tena. Leo nimecheza tu. Kuacha, niliacha jana."